Anachosema Mwishoni mwa Wimbo

Kawangware 56,
Jumapili, 14 Mei 1995

Kwako Mama Trizah,

Niaje, beshte. Sijui kama bado unaitika ukiitwa Adero ama sasa ni Mama Trizah tu, kwa hivyo nimeanza na hilo jina jipya usije ukaninunia. Mimi ni mzima, ni kucha tu zimeisha kwa dawa za nywele. Hapa saluni tunaosha vichwa tangu asubuhi, na mwenye saluni bado anasema biashara ni mbaya.

Mama Akoth anakuletea kaseti ndani ya gunia lake la omena, kwa hivyo ikinuka samaki usinilaumu. Yeye huja kuuza hapa sokoni kila Jumatano, na ameahidi kutubebea barua mradi niendelee kumsuka.

Mkataba wetu ni ule ule wa siku tulizokuwa tunasomea nywele pamoja. Kila barua na wimbo wake, wa bendi ambayo redio haiijui, na lazima useme kwa nini unaupenda. Ukisema "ni mzuri tu", barua inarudi. Wangu uko upande A, wa kwanza. Ni vijana wanne wa hapa nyuma ya soko. Kinanda wamekiazima kanisani bila pasta kujua, na kila Jumamosi wanakirudisha mbio kabla kwaya haijafika. Wanaimba Sheng juu ya landlord aliyeng'oa mlango wa mpangaji akaenda nao. Ninaupenda kwa sababu ya yule anayeitikia nyuma. Mwenzake anarusha maneno makali, yeye anaitikia kwa upole kama yuko kwenye sadaka, na hapo ndipo unajua kinanda ni cha kanisa kweli. Hawajui hilo ndilo jambo zuri walilo nalo. Niliwaambia, wakanicheka.

Kuna mwingine nitakutumia akirekodi. Ni jirani mpya, anabeba simiti kwenye duka la hardware la hapa stejini, anaitwa Billy, na gitaa analipiga utadhani anabembeleza mtoto. Usianze maswali.

Nipe habari za Trizah. Mpaka leo naumia kwamba mlipooana nilikuwa nyumbani Vihiga nikimwuguza mama, na niliporudi Ogola alikuwa ameshapotea. Sikuwahi kumwona hata kwa picha. Ungeniambia alikuwa mtu wa namna gani, siku ukiweza.

Wako wa siku zote,
Lenah


Silanga, Kibera,
Jumanne, 23 Mei 1995

Lenah,

Kaseti ilifika na ilinuka. Trizah aliilamba kabla sijaiweka kwenye redio. Vijana wako nimewapenda, ila huyo wa kuitikia mwambie asikubali kufundishwa na mtu.

Wangu ni wa akina mama wa huku chini kando ya dam, wauza makaa na sukuma wiki kama mimi. Walirekodi chumbani kwa mmoja wao, wakaning'iniza mablanketi ukutani ili mabati yasipige kelele. Hawana ala, ni debe na njuga tu. Katika ubeti wa pili mtoto analia, na mwenye kuimba hasimami. Unasikia sauti yake ikihama, ameinama, amemwokota, na ubeti unaendelea akiwa amembeba. Wangeweza kurudia. Wakaamua kuacha hivyo. Kila nikiusikia napata nguvu ya kuamka kesho yake, na ndiyo sababu ninaupenda.

Umeuliza Ogola alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mpole, na siku moja tu hakuwa mpole. Oktoba iliyopita walikuja watu waliokodiwa kubomoa nyumba za huku. Waling'oa mabati ya chumba chetu mimi nikiwa ndani na mimba, na gitaa lake wakalikanyaga. Ogola akashika ubao, akampiga mmoja wao kichwani, Mkamba anayeitwa Munyao. Munyao akaanguka, wakambeba wakaenda naye. Jioni habari ikaja kwamba amekufa. Ogola alikuwa ameshakimbia. Asubuhi shati lake lilipatikana limenasa kwenye magugu ya dam. Watu wakasema amejitupa majini. Walimtafuta, hawakumpata.

Sasa sikiza jambo ambalo nimekuwa nikiliandika kichwani usiku na mchana. Shemeji yangu Opondo, ndugu yake Ogola, amekuja kutoka nyumbani. Baba mkwe anaota mwanawe amesimama mlangoni, amelowa, anaomba mahali pa kulala. Wazee wamekaa, wameamua azikwe. Kwetu Waluo, mwili usipopatikana, wanachukua tunda la mti unaoitwa yago, refu na zito, wanalifunga nguo za marehemu na kulizika kama maiti. Itakuwa Agosti. Siku wakifukia hilo tunda, Ogola amekufa hata kama yu hai. Akirudi haingii tena langoni kwa baba yake, anahesabiwa mzimu. Na mimi nakuwa mjane wa boma hilo, na atakayenirithi ni Opondo. Ana wake wawili. Amekaa hapa kwangu akimwangalia mtoto, akaangalia kitanda, akaangalia sufuria, na kila kitu alikiangalia kwa utulivu wa mtu mwenye mali yake.

Mimi sijamlilia Ogola, Lenah. Wanasema ni jeuri. Moyo wangu haujaniambia amekufa, na siwezi kulia kwa kuagizwa.

Adero


Kawangware 56,
Jumapili, 11 Juni 1995

Mama Trizah mpenzi,

Barua yako nimeisoma nikalia mbele ya mteja, rangi ikamwingia sikioni. Huyo Opondo akija tena mwagie maji ya omena. Natania, lakini nimeogopa kwa ajili yako.

Nilimsomea Billy ile barua, kwa sababu ni Mluo na nilitaka anieleze vizuri mambo ya yago. Alikuwa anakunywa chai kwangu. Nilipomaliza akauliza, "Huyo beshte yako alizaa nini?" Nikamwambia msichana, anaitwa Trizah. Akaweka kikombe chini, akatoka nje, akakaa kwa ngazi mpaka mvua ikamfukuza. Hajanieleza kitu. Nikaona labda naye ana msiba wake, sikumchimba.

Jumamosi iliyofuata ndipo waliporekodi. Ni yeye, na mwingine wa besi, na fundi Khamala anagonga chupa. Walifanyia stoo ya hardware, katikati ya magunia ya simiti, kwa sababu simiti inameza mwangwi. Mimi nilikaa juu ya gunia nikikatazwa kukohoa. Ukisikiza vizuri, mwanzoni kuna nyundo inagonga bati huko nje, na Billy akaamua kuanza kwa mwendo wa hiyo nyundo.

Ni Kijaluo, sielewi hata neno. Lakini nikwambie kwa nini ninaupenda. Mwisho, besi inanyamaza, chupa inanyamaza, gitaa linabaki chini kabisa, na yeye anaacha kuimba anaongea. Anaongea tu, kama mtu anayeaga wageni mlangoni. Na alipofika karibu na mwisho aliinua macho akaniangalia mimi, akaongea akiniangalia. Adero, sijawahi kuongeleshwa hivyo na mtu. Hata sitaki kujua maana yake.

Haya, umeshajua. Ndiyo, viatu vyake viko mlangoni kwangu tangu Pasaka. Nilificha kwa sababu nilijua utaniuliza anatoka wapi na watu wake ni nani, na mimi sijamuuliza. Amesema tu hana mtu. Huyu ndiye wa kwanza ambaye sijamkagua.

Yeye mwenyewe alisema, "Hii mtumie beshte wako wa Silanga." Nikaona ni heshima. Basi hiyo hapo.

Wako,
Lenah


Silanga, Kibera,
Jumanne, 20 Juni 1995

Lenah,

Kaseti imefika. Nimeusikiliza huo wimbo.

Ni mzuri. Najua utasema barua irudi, kwa hivyo nitajaribu. Ninaupenda kwa sababu anayepiga ana kidole kidogo cha mkono wa kushoto ambacho hakikunjiki. Kila akifika mahali ambapo wengine wangebonyeza nyuzi mbili, yeye anabonyeza mmoja na kuuacha mwingine ulie peke yake. Ama nimekosea? Nijulishe kama kidole hicho kipo.

Habari ya huku ni kwamba Munyao hakufa. Alikuwa kwao Machakos anauguzwa, na ile habari ya kifo ilikuwa maneno ya watu tu. Amerudi. Jana alipita hapa na fimbo akanunua makaa kwangu, hakunijua. Hakuna polisi anayemtafuta mtu yeyote kwa ajili yake. Amesema mwenyewe kwamba kazi ile ya kubomoa hatairudia.

Barua hii pia msomee rafiki yako, kama ulivyomsomea ile nyingine. Isome yote, usiruke kwa Munyao.

Ile sehemu anayoongea sitakutafsiria sasa. Muulize mwenyewe.

Adero


Kawangware 56,
Jumapili, 2 Julai 1995

Adero,

Nimechelewa kujibu, kazi imekuwa nyingi. Trizah hajambo?

Kidole kipo. Kilikatwa na bati akiwa mdogo. Lakini mjini hapa ukianza kuhesabu watu walioumizwa vidole na mabati hutamaliza, kwa hivyo sijui ni swali la namna gani hilo. Tena si uliniambia zamani unapenda bendi za gitaa zote? Labda wapigaji wote wa huko kwenu wanapiga hivyo.

Barua sikumsomea. Jumatano alikuwa na simiti ya kushusha, Alhamisi nikasahau, na sasa sijui nimeiweka wapi, chumba chenyewe unakijua. Hata hivyo hayo mambo ya huyo Mkamba yanamhusu nini? Billy ni wa Kisumu mjini. Hana mke. Nimemuuliza.

Nimekutumia wimbo mwingine tusahau huo. Ni wasichana wa kwaya fulani ndogo ya huku waliofukuzwa wakaanza kuimba wenyewe chini ya ngazi za ghorofa. Hawana gitaa hata moja. Ninaupenda kwa sababu wanaimba kama watu ambao hawajaulizwa maswali na mtu.

Lenah


Silanga, Kibera,
Jumanne, 11 Julai 1995

Lenah,

Nilikuwa nimeamua kukungojea uniambie mwenyewe. Sina tena nafasi ya kungoja.

Huyo unayemwita Billy ni Ogola, mume wangu. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Huo uzi unaoachwa peke yake nimelala nikiusikia, nimeamka nikiusikia. Na kama ni suala la vidole, basi tuache vidole. Mwishoni mwa wimbo anajiita wuon nyako, yaani baba wa msichana. Ogola aliondoka mimba ikiwa tumboni. Hakuna aliyejua ni msichana mpaka Trizah alipotoka. Kuna mtu alimwambia, naye alimwambia akinywa chai.

Nilimpigia Opondo hiyo kaseti hapa kwangu. Aliisikiza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti. Kisha akasema, "Shemeji, kaseti haina tarehe. Hii aliimba kabla afe." Nikamuuliza basi habari ya msichana aliijuaje. Akasema mwanaume mwenye mke mjamzito hujiita baba wa chochote kile. "Lete yeye. Sauti haiwezi kusimamisha mazishi."

Ningekuja huko leo. Lakini nikija na shemeji zake atakimbia tena, kwa sababu bado anaamini ameua mtu, na safari hii sitajua amekimbilia wapi. Lazima asikie kwanza habari za Munyao, kutoka kwa mtu anayemwamini. Mtu huyo ni wewe.

Tunda litazikwa Jumamosi, tarehe 5 Agosti. Sisi tunaondoka hapa Jumatano kabla yake. Nikifika kule nitavishwa nguo za msiba na maneno yangu hayatasikizwa tena.

Sikuulizi lolote kuhusu wewe na yeye. Hukujua, na mimi najua hukujua. Lakini sasa unajua. Mwambie tu kwamba Munyao anatembea. Hayo mengine ataamua mwenyewe, hata akiamua kubaki huko. Angalau atakuwa ameamua mtu aliye hai.

Adero


Silanga, Kibera,
Jumanne, 25 Julai 1995

Lenah,

Mama Akoth amezunguka soko lote Jumatano iliyopita akitafuta jibu lako, hakukuona. Nikambeba Trizah nikaja mwenyewe Ijumaa. Saluni wamesema uliacha kazi. Kwa hardware wamesema Billy hajaonekana, tena aliondoka kwa haraka. Chumba chako amepangishwa mtu mwingine, na ukutani bado kuna ule msumari uliokuwa unaning'iniza kioo chetu.

Nilikaa kwa ngazi pale nje nikamnyonyesha mtoto. Nilifikiria huenda ndipo alipokaa siku ile ya mvua.

Barua hii Mama Akoth ataiacha kwa fundi Khamala. Ijumaa aliniambia hajui mlikohamia, lakini aliposema hivyo alikuwa anaangalia chini, kwa hivyo naamini itakufika.

Umeniudhi kuliko Opondo. Opondo anataka kilicho chake kwa mila, na anakitaka mchana mbele za watu. Wewe unajua mtu yu hai na unaniacha nikamzike.

Tunaondoka Jumatano ijayo. Sina wimbo wa kukutumia.

Adero


Riruta,
Alhamisi, 3 Agosti 1995

Adero,

Anayekuletea barua hii ni yeye. Kama unaisoma, basi amefika.

Nitakwambia yote kwa sababu sitaki uyasikie kwake. Barua yako ya tarehe 20 sikuipoteza. Niliisoma mara nyingi sana, na nilijua ulipotaja kidole. Ile ya tarehe 11 nilipoipata, nilimwambia kuna watu wamekuja kwa hardware wanamuulizia, wanafanana na polisi. Hakuna aliyekuja. Niliona tu uso wake ulivyobadilika, nikajua nimepata kamba ya kumfunga. Tulihama siku ile ile. Nilimtisha mtu mwenye hofu, Adero, nikamshika mkono nikimtuliza kwa hofu niliyompa mimi mwenyewe.

Nilikuwa nahesabu kwamba tarehe 5 ikipita, hatakuwa na mahali pa kurudi, na atakuwa wangu bila mimi kumwiba mtu. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiria nikipika, nikifua, nikisali.

Kilichonishinda ni wimbo. Tangu tuhamie hapa anaupiga kila jioni, lakini akifika pale mwisho, pale anapoongea, ananyamaza. Gitaa linashuka, nangoja, na hasemi neno. Nikamwambia, "Si uongee ile part yangu." Akasema imeisha. Nilimficha ili nibaki na hicho kipande, na sasa kipande chenyewe hakipo. Nimebaki na mtu anayeruka kila mlango ukigongwa.

Jana jioni Khamala akaleta barua yako ya mwisho. Hata wakati huo nilifikiria kunyamaza mpaka Jumapili. Nataka ujue hilo. Kisha nikampa chakula, na alipokuwa anakula nikasema, "Munyao hakufa. Anauziwa makaa na mke wako." Hakuniuliza nimejuaje. Akaweka kijiko chini polepole sana. Akauliza leo ni tarehe ngapi, nikamwambia. Akauliza nimejua tangu lini, na hilo pia nikamwambia.

Hakunipiga, hakunitukana. Amekaa akiangalia mikono yake. Afadhali angenitukana.

Ataondoka na basi la jioni hii. Gitaa amekataa kulibeba, ameniambia nimrudishie mwenyewe, na mwenyewe ni yule wa besi ambaye amehamia Nakuru. Liko hapa ukutani. Siwezi kuligusa.

Mpaka leo sijui anachosema pale mwishoni. Sijamuuliza mtu. Usiniambie kama hutaki.

Lenah


Silanga, Kibera,
Jumanne, 22 Agosti 1995

Lenah,

Alifika.

Basi liliharibika Molo, wakangoja lingine, na barabara ya kutoka Kisumu ilikuwa matope. Alifika Jumamosi saa za adhuhuri. Mzee alikuwa ameshatupa udongo wa kwanza, na vijana walikuwa wanamalizia kufukia. Mimi nilikuwa nimekaa chini na nguo nyeusi, sijalia bado, na wanawake walikuwa wananifinya nilie.

Mbwa ndio waliomwona kwanza. Hawakubweka. Kisha watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja, na mama mkwe akapiga ukelele ambao sitausahau. Alisimama langoni, matope mpaka magotini, hakuingia. Anajua mila. Opondo akadondosha jembe. Mzee akatembea polepole mpaka karibu na lango, yeye ndani, mwanawe nje, wakaangaliana. Mzee akasema, "Uso ni wa mwanangu. Lakini mwanangu nimemzika sasa hivi, na udongo uko mikononi mwangu." Akaonyesha mikono. Hakuna aliyekuwa na hasira, Lenah. Ingekuwa hasira tungejua la kufanya.

Nikasimama. Nikavua ile nguo nyeusi juu ya gauni langu, nikaikunja, nikaiweka juu ya kaburi. Nikamchukua Trizah kutoka kwa mke wa Opondo, nikatoka langoni. Hakuna aliyenishika. Opondo aliangalia upande mwingine, na kwa hilo namshukuru. Huko nje ndipo nilipolia, na nililia kwa ajili ya mzee.

Kwa hivyo tuko hapa Silanga, ambako hakuna mwenye lango. Ogola amepata kibarua cha kuchimba mashamba ya kando ya dam. Munyao amekuja, wamesalimiana, wamekaa kama watu wanaongojea daktari mmoja. Trizah bado anamkataa, analia akibebwa naye. Wazee wamesema huenda mwaka ujao wakakaa waone kama kuna njia ya kumtakasa, aingie kwao kupitia tundu litakalotobolewa kwenye ua wa nyuma, si langoni. Huenda. Wakati wa jioni anasimama akiangalia maji, na najua haangalii maji.

Ungemwambia ulipopata barua ya Juni, angeingia langoni kwa baba yake akitembea. Hilo sitalifunika. Nimejaribu kulifunika kwa sababu ulimwambia mwishowe, na halifunikiki. Hayo yote mawili umeyafanya wewe.

Na mimi nina langu. Hukuuliza maana ya ile sehemu ya mwisho, na mimi nikakunyima makusudi. Sasa nakuandikia yote, kwa Kiswahili, kama anavyosema:

"Mimi baba wa msichana ambaye sijamwona uso, nawasalimu. Namsalimu mama yake, binti wa Uyoma. Asivae nguo za msiba, niko mahali pakavu. Namsalimu mzee. Huyo unayemwota amelowa si mimi, mwambie aende kwao. Na wewe binti wa Waluhya, uliyenipa chai bila kuniuliza natoka wapi, Mungu akuone. Usivizoee viatu vyangu hapo mlangoni. Nitavivaa siku moja."

Hapo kwa viatu ndipo alipokuangalia. Alikuwa anakuaga. Nilijua tangu siku ya kwanza niliyousikia, nikajua pia kwamba kwako ndipo wimbo ulipo mtamu, nikakuacha uendelee kuupenda. Nilikuwa na hasira, na hiyo ndiyo fimbo niliyokuwa nayo.

Umesema lazima mtu aseme kwa nini anapenda wimbo. Huu bado ninaupenda. Katika wote waliotajwa mle ndani, hakuna aliyedanganywa. Tulidanganyana sisi tuliokuwa tunausikiza.

Gitaa usimpe mtu, mwenye nalo tutamtafuta sisi. Khamala amemwambia Mama Akoth unakokaa. Nitakuja kulichukua mwenyewe Jumapili hii baada ya kanisa, na Trizah mgongoni.

Uwepo.

Adero